Nusu ya Pili ya Wimbo wa Osmunda

Nikalisheni, wanangu. Mto mmoja mgongoni, mwingine ubavuni, hivyo hivyo, maana maneno haya siwezi kuyasema nikiwa nimelala nikitazama dari. Leticia, achana na huo uji, uje uketi hapa na daftari na kalamu. Leonce, ingia ndani, usisimame mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Keti kwenye kigoda hicho, mahali ninapouona uso wako. Na simu yako iweke juu ya kabati ikiwa imezimwa. Imezimwa, nimesema, siyo kupunguzwa sauti.

Saa ngapi sasa? Saa nne na robo. Basi la Tunduru huingia stendi saa sita, likisumbuka njiani saa saba. Dorine, mgeni wetu, yumo ndani ya basi hilo, na mimi sijui kama pumzi hii itanifikisha huko, ndiyo maana mnaniona nalishika shuka na kuliachia, nalishika na kuliachia. Siyo maumivu, wanangu. Maumivu nimeyazoea. Ni haraka.

Nisikilizeni basi, na msinikatize hata mkiona narukaruka. Padre alinipaka mafuta juzi, nikaungama yote, na kwa upande wa Mungu nimetua mzigo. Lakini kuna jambo nililomwambia padre ambalo ninyi hamlijui, na kwa kuwa ninyi ndio mtakaobaki na vitu vyangu, na jina langu, na wageni wangu, lazima mlijue leo.

Tumalize mali kwanza, ni kidogo. Nyumba hii ya Mfaranyaki ni yenu wote wawili, na isiuzwe maadamu mmoja wenu bado anataka kulala ndani yake. Shamba la njia ya Peramiho ni la Leticia, kwa sababu ndiye aliyelipalilia miaka yote wewe Leonce ukiwa Dar es Salaam, na wewe unalijua hilo, kwa hiyo usinune. Ugomvi wangu na jirani Polikarp juu ya mpaka wa michongoma umekwisha. Alikuja Jumapili akaketi hapo ulipoketi, tukagundua kwamba kati yetu hakuna anayekumbuka nani aliipanda, tukacheka mpaka nikakohoa. Michongoma ibaki ilipo. Nguo zangu wapewe akina mama wa jumuiya. Basi, mali imekwisha.

Sasa tranka. Livuteni kutoka uvunguni, nilione. Taratibu, kishikio chake kimelegea.

Ndani ya tranka hilo kuna kaseti tisini na tatu, na madaftari manne yanayosema kila kaseti ni ya nani, imerekodiwa kijiji gani, mwaka gani, na mtu alikuwa akifanya nini alipoimba au aliposimulia. Ninyi mmekua mkiliona, mkilikanyaga mkitafuta viatu, lakini sikuwahi kuwaambia lilianzaje. Lilianza kwa kusahau. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na siku moja ya mvua, watoto wakiwa hawasikii somo kwa kelele za bati, nikawaambia wasogee karibu niwape hadithi ya bibi yangu, ile ya dada watatu na ngoma iliyokataa kulia. Nikaanza vizuri. Nilipofika pale dada wa pili anapoingia msituni, nikanyamaza. Katikati hapakuwepo tena. Mwanzo ninao, mwisho ninao, katikati pameliwa. Watoto wananitazama, mimi nimeshika chaki, bibi yangu yuko kaburini mwaka wa nne. Nilizunguka kwa mashangazi wote nikiuliza, na kila mmoja alikuwa amepoteza palepale.

Tangu siku ile sikutulia. Baba yenu Saimon alikuwa dereva wa lori, akipeleka mahindi Dar es Salaam, nikamsumbua hadi akarudi na redio kaseti, akaniambia, "Haya, mke wangu, kamata hizo sauti zako kabla hazijakimbia." Siku hizo betri zilikuwa haba kama sukari. Zikiisha nguvu nilizianika juu ya bati zipate jua, zikaniongezea nusu saa nyingine. Kila likizo nilikuwa njiani, nikajifunza namna ya kuingia kwa watu: usianze na mashine, anza na kazi yao. Nimechambua maharage, nimepukuchua mahindi, nimebeba kuni za watu nisiowajua, na baada ya siku mbili tatu mtu anasema mwenyewe, "Mwalimu, ile mashine yako inafanya kazi kweli?" Mzee mmoja wa ngoma ya lizombe alikataa kuimba akiwa ameketi, miguu ilikuwa imevimba, akaomba wanawe wamsimamishe na kumshikilia kwapani, akaimba kaseti nzima hivyo. Sauti za wanawe wakihema zimo humo, sikuzifuta.

Hizo ndizo kaseti za furaha. Nipe maji kidogo. Kidogo tu.

Mwaka themanini na nne, mwezi wa nane, nilikwenda Namatuli, kijiji kilichoko mbele ya Hanga. Huko nilisikia kuna mwanamke anaitwa Osmunda, mke wa Gaspari, ambaye akianza kuimba kwenye kinu wanawake wa vitongoji vingine hubeba mahindi yao na kuja kutwanga kwake. Nikaenda nikatwanga naye. Alikuwa mwembamba, mchekeshaji, ana watoto wa kiume wawili na binti wa miaka mitatu aliyekuwa akilala kwenye kivuli cha banda la kuku. Binti huyo ndiye Dorine.

Lazima mwelewe wimbo wa kwenye kinu ni kitu gani. Mwanamke wa Kingoni wa siku zile hakuwa na pa kumsema mume wake. Akimsema sokoni ni aibu, akimsema kwa mama mkwe ni vita. Lakini akishika mchi, na wenzake wameshika michi, anaruhusiwa kuimba lolote, hata la kumvua mwanamume nguo, na wenzake wanaitikia na kucheka, na wakishatoka pale hakuna anayelirudia neno hata moja. Hata mume akipita karibu huziba masikio, anajifanya haelewi. Na kutwanga kukiisha, wanaketi kupepeta, na hapo mwimbaji anageuza wimbo. Aliyemvunja mume kwenye kinu humjenga tena kwenye ungo. Wimbo mmoja, vipande viwili. Nililijua hilo kabla sijafika Namatuli, Leticia, andika hivyo: mama alilijua.

Osmunda aliniambia waziwazi siku ya kwanza, "Mwalimu, twanga na sisi mpaka uchoke, lakini hiyo redio yako iache kwa mwenyekiti." Nikasema sawa. Siku ya tatu niliifunga kwenye khanga, nikaitia ndani ya kikapu cha mahindi, nikabonyeza, nikakiweka kikapu karibu na kinu chake. Aliimba upande mzima wa kaseti. Aliimba jinsi Gaspari alivyolima siku moja akapumzika mwezi, jinsi mahindi yalivyoingia kwenye mtungi wa pombe ya komoni na watoto wakabaki kulamba mwiko, na jinsi mchi wake yeye Osmunda unavyosimama kila asubuhi wakati, e, mengine siwezi kuyasema mbele ya mwanangu wa kiume. Wanawake walicheka hadi wengine wakaweka michi chini. Walipoketi kupepeta, nilisingizia kwenda haja, nikabeba kikapu changu nyuma ya nyumba, nikageuza kaseti, nikarudi. Upande wa pili ukaingia wote.

Niliondoka Namatuli na wimbo mzima. Naomba mkumbuke hilo. Nilikuwa nao wote.

Wakati huo redioni kulikuwa na kipindi cha ngoma za mikoa, wanaomba wasikilizaji watume nyimbo, na mimi nilitamani mno Songea isikike. Nafasi ni dakika nne. Nikachagua dakika nne za kwenye kinu, zile za kuchekesha zaidi. Za kupepeta niliona ni za polepole. Nikaandika na barua, na kwa kiburi changu cha ualimu cha kutaka kila kitu kiwe kamili, nikaandika: mwimbaji ni Osmunda, mke wa Gaspari, kijiji cha Namatuli. Mtangazaji hakufanya kosa lolote. Alisoma nilichoandika.

Gaspari alikuwa kilabuni, saa kumi alasiri, wanaume wamejaa, redio iko juu ya meza ya muuzaji. Niliambiwa baadaye kwamba alipolisikia jina lake kwanza alitabasamu, akidhani ni salamu. Halafu sauti ya mkewe ikaanza. Wanaume wale walicheka hadi wengine wakashika nguzo. Gaspari alinyanyuka, akaenda nyumbani, na hakumgusa mkewe. Alikibeba kile kinu, peke yake, kinu cha mti mzima, akakipeleka hadi barabarani, akakisimamisha pale, akarudi akaingia ndani na kufunga mlango. Kila mtu alielewa. Osmunda aliondoka na Dorine mgongoni. Wavulana akawaacha kwa baba yao. Akapita Namtumbo, akapita, hadi Tunduru, kwenye mikorosho ya watu asiowajua.

Mimi nilikuwa na furaha tele. Wiki mbili baadaye nilikwenda Namatuli na redio yangu, niwasikilizishe jinsi walivyosikika nchi nzima. Nikakikuta kinu kiko barabarani, mbuzi wamekizunguka. Wanawake niliotwanga nao wakaniona, kila mmoja akaingia ndani kwake. Mama mmoja mzee ndiye aliyebaki uani, akanisimulia yote bila kupandisha sauti, kisha akasema, "Nenda, Mwalimu. Usije tena." Sijaenda tena.

Mngedhani hapo ndipo nilipokimbia kumtafuta Osmunda. Sikumtafuta. Niliogopa. Nilijiambia dunia ni kubwa, nitampatia wapi. Na shule ikaletewa taarifa ya ugeni kutoka mkoani, mwalimu mkuu akataka kwaya irekodiwe, kaseti hazikupatikana madukani. Nikachukua ile ya Namatuli. Upande wa kinu niliuacha, kwa sababu ulikuwa umesifiwa. Nikabandika karatasi pale penye kijino cha kaseti nilichokuwa nimekivunja ili isifutike, nikarekodi kwaya ya shule juu ya upande wa kupepeta. Leo mkiuweka upande ule mtasikia watoto wa darasa la sita wakimkaribisha mgeni. Chini ya sauti zao hakuna kitu. Nimesikiliza mara nyingi nikidhani labda kuna mahali Osmunda amebaki. Hayupo.

Nani amepita hapo nje? Pikipiki ya nani? Bado? Saa ngapi? Sawa. Sawa, naendelea. Leonce, usiiname, nitazame, maana sasa nafika kwenye lile jambo.

Mwaka themanini na sita, wakati wa masika, mtu alibisha hodi katika nyumba hii hii. Baba yenu alikuwa safarini. Nikafungua, nikamwona mwanamume mrefu, amelowa, kofia ameishika mkononi. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Gaspari wa Namatuli." Nilidhani amekuja kunidhuru. Nikamkaribisha, akaketi ukingoni mwa kiti, hakutaka chai. Akasema, "Nimekuja kuomba nisikilize ule wimbo." Nikamwambia, "Si uliusikia redioni." Akasema, "Niliusikia. Lakini mama yangu aliniambia kabla hajafa kwamba wimbo wa kinu una sehemu ya ungo, na kwamba nilimfukuza mwanamke kabla hajamaliza kuimba. Nataka kusikia alivyomalizia."

Akaiweka kofia gotini, akingoja. Redio kaseti ilikuwa mezani, mbele yake. Tranka lilikuwa chumbani.

Ningeweza kumwambia nimeufuta. Ningeweza kumwambia, kaa, ndugu yangu, mashine haina tena lakini masikio yangu yanayo, ngoja nikuimbie ninavyokumbuka, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado nakumbuka karibu yote. Nikaona aibu. Mimi Mwalimu Notburga, mhifadhi wa sauti, niseme nimefuta? Nikamwambia, "Wimbo uliishia pale pale, Gaspari. Hakuimba kingine."

Akauliza, "Hakuna kingine?"

Nikasema, "Hakuna."

Akanyanyuka, akanishukuru, wanangu, alinishukuru, akatoka kwenye mvua. Hakumfuata Osmunda. Hakuoa tena. Akafa miaka tisa baadaye.

Leticia, usilie juu ya daftari, wino utatoka. Nipeni tena maji. Fungueni dirisha, chumba kimekuwa kidogo. Na nigeuzeni upande, hapana, rudisheni, hivi hivi ni afadhali.

Tulipomzika baba yenu, mwaka elfu mbili na kumi na moja, ndipo nilipopata ujasiri, labda kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwonea haya tena. Niliwaaga kwamba nakwenda kuhiji Hanga, mkanifungia na vitumbua. Sikushuka Hanga. Nilikwenda hadi Tunduru, nikauliza kijiji kwa kijiji, siku ya tatu mama mmoja jina lake Mwanahawa akasema, "Mama Dorine? Ni jirani yangu, alhamdulillahi ni mzima," akanishika mkono hadi uani kwake. Osmunda alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua korosho. Namzidi karibu miaka kumi, lakini hakunipa shikamoo. Alinitazama, akasema, "Mwalimu. Umezeeka."

"Wote tumezeeka, mlongo, ndugu yangu."

"Umekuja na redio yako?"

"Sikuja nayo."

"Basi kaa."

Nilikuwa nimejipangia maneno ya kuomba radhi njia nzima. Hakunipa nafasi. Aliuliza, "Ule wa kupepeta uko wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba niliufuta, kwamba nilirekodi kwaya juu yake. Aliacha korosho. Akacheka kidogo, kicheko kikavu, akasema, "Kwaya." Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba mwaka ule wa themanini na sita Gaspari alituma mtu Tunduru kumuuliza kama yale aliyoyaimba ndiyo yote aliyokuwa nayo moyoni, naye akajibu, mwambieni aende kwa Mwalimu Notburga kule Mfaranyaki, ana wimbo wote kwenye mashine, akausikilize, kisha kama anataka kuja aje. Akangoja msimu mzima wa mvua. Akangoja na msimu wa korosho.

Akaniuliza, "Alikuja kwako?"

Mungu wangu.

Nikasema, "Sikumwona."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye korosho zake. "Nilijua hatakwenda," akasema. "Alikuwa na kiburi yule."

Nikala chakula chake, nikalala kwake, nikapanda basi asubuhi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, wanangu. Nilimdanganya mume, kisha nikamdanganya mke, na kila mmoja amekufa akimdhania mwenzake vibaya kwa sababu mimi nilitaka kuonekana mtu makini. Osmunda amekufa Kwaresima hii. Dorine alipompigia simu Leticia kuuliza kama ni kweli sauti ya mama yake ipo, kwa sababu hana hata moja, Leticia akamjibu njoo, na mimi nikamwomba Mungu siku chache.

Sasa wewe, Leonce. Ulipokuja kuniuguza miezi mitatu iliyopita nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini Jumamosi nilikuwa nimelala hapa, dirisha limefunguliwa, na pale kijiweni pa bodaboda nikasikia muziki wa vijana, ngoma zinapiga, na katikati ya ngoma nikaisikia sauti ya Osmunda. Nilidhani ndiyo kufa kwenyewe. Leticia akaniambia: umempelekea rafiki yako wa studio kaseti, akatia biti, sasa iko kwenye simu za watu, wanacheka. Nilipokuuliza ulinijibu, "Mama, ninyi mmezificha miaka arobaini, mimi nimezipa uhai." Na sikukugombeza, wala sasa sikugombezi, kwa sababu kila ulichofanya nilikifanya mimi kabla hujaota meno ya pili. Umechukua bila kuomba, na umechukua nusu ile ile. Ndiyo maana silali.

Utakwenda kwa huyo rafiki yako leo hii hii, aiondoe. Najua iliyokwisha kutoka haikusanyiki yote. Aondoe anayoweza. Na Dorine akiingia, utasimama mbele yake, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajaisikia njiani. Usimtumie dada yako.

Kaseti zingine ni hivi. Ujuzi wako wa mashine unahitajika, siukatai. Zihamishe zote kwenye flashi, uchukue madaftari, mwende nyumba kwa nyumba, wewe na Leticia, hata ikichukua miaka. Muulize mwenyewe, au mtoto wake, au mjukuu. Kaeni naye, asikilize kwanza, yote, hadi mwisho. Akisema itoke, itoke. Akisema ibaki kwake, mwachieni na msibaki na nakala mfukoni. Ambazo wenyewe hawapatikani, Leticia atazitunza. Yule jamaa wa Dar es Salaam anayepiga simu akitaka kuzinunua, mjibuni kwamba hamna cha kuuza, mnacho cha kurudisha.

Nimechoka. Hapana, usinilaze. Nikilala sitaamka kumalizia.

Andika, Leticia. Nilikuwa na upande ule kichwani miaka yote hii, nikiuogopa, na umeliwa kama hadithi ya bibi, lakini haukuisha. Mimi ndiye peke yangu niliyebaki. Wanawake wa siku ile wamekwisha. Uliimbwa Kingoni, Dorine amekua kwenye Kiyao na Kiswahili, kwa hiyo nitausema kwa Kiswahili, polepole.

Pepea, pepea, pumba nenda na upepo.
Niliyosema kwenye kinu, nenda na upepo.
Nani alinivusha mto umefurika,
maji kidevuni mwake, mimi mabegani,
na mtoto tumboni anataka kutoka?
Ni huyo huyo mvivu, ni huyo huyo.

Halafu kuna mstari, kuna kitu cha moto, aliwasha moto ng'ambo, au alivua shati akaliweka kwenye moto, sikumbuki. Halafu:

Mtoto alilia kabla jua halijatoka,
Gaspari akalia zaidi ya mtoto.
Nimcheke nani? Namcheka wangu.
Pumba zimekwenda, chenga zimebaki,
njooni jioni tule.

Mtoto huyo ni Dorine. Hajui kwamba alizaliwa ng'ambo ya mto, hajui kwamba baba yake alilia. Nisomee. Soma. Hapo, simama. "Gaspari wangu mpenzi"? Hilo neno sikulisema. Umelitia wewe kwa huruma, mwanangu, lifute. Na pale penye moto usiweke kitu. Acha mstari mzima wazi, aone kwamba kuna kitu pale na kwamba mimi nilikipoteza. Nakala moja ya Dorine, nyingine ipelekwe Namatuli kwa kaka zake, mikononi mwao, siyo kwa simu.

Saa ngapi? Saa sita kasoro. Leonce, nenda stendi wewe mwenyewe. Usitume bodaboda peke yake. Atakuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Leticia anayo namba yake. Mbebee mzigo. Lakini kabla hujatoka, piga magoti hapa, nifikie kichwa chako. Na wewe, Leticia. Sogeeni, mkono hauendi mbali.

Mungu Baba awalinde, wanangu. Awape masikio kuliko mimi. Awape ujasiri wa kusema nimekosea siku ile ile, msingoje masika mengine. Msigombane juu ya kitu chochote nilichokiacha. Na siku ya kunizika, kaeni wote, imbeni, na mkisahau, mnyamaze tu, msiogope. Kwa jina la Baba... na la Mwana... haya. Amina. Nenda, Leonce. Nenda mwanangu, usikimbie barabarani.

Ametoka? Vizuri. Nishike mkono, Leticia. Una baridi mkono wako, au ni wangu. Usinilaze. Nikinyamaza usipige kelele, usiite majirani kwanza. Mgeni ametoka mbali. Ukisikia pikipiki imesimama, fungua mlango, mpe kiti, mpe maji. Kaseti baadaye. Wimbo baadaye. Kama mimi siwezi tena... wewe mwambie, "Baba yako alikuja." Umesikia? "Alikuja, alilowa mvua, alikuja kuuliza." Anza na hilo.